Moyo wa Kaka na Ungamo la Mkewe

Je, mwili wa mtu unaweza kumgeukia mwenyewe? Swali hilo lilininyima usingizi, mimi niliyerudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kutoka Elisabethville na diploma ya ualimu na majibu ya kila kitu.

Kaka yangu, mvuvi, alianza na homa na maumivu ya koo. Koo lilipopona, magoti yakavimba, kisha pumzi ikawa inamwishia akipanda tu kutoka ufukweni. Daktari wa misheni alinieleza kwamba askari wa mwili waliopigana na ugonjwa wa kooni huenda sasa wanaushambulia moyo wenyewe, na nyama yake imevimba. Alikiri kwamba madaktari bado wanabishana. Uhakika wake ulikuwa mmoja: alazwe, apumzike kwa miezi, asivute wavu.

Nyumbani walikuwa na jibu lao. Mvuvi akiumwa kifua, mkewe amelala na mwingine wakati yeye yuko ziwani. Mke aungame, mume anywe dawa, kisha arudi kuvuta wavu siku ileile, watu waone amepona.

"Mwalimu," mjomba wetu alinicheka, "askari gani wanapiga chifu wao? Huyu mwanamuke aseme jina ya mutu, basi."

"Yama," nikamwita mjomba kwa lugha ya kwetu, "na kama hakuna mutu?"

"Kila mara kuko mutu."

Akaondoka akicheka. Na kama daktari amekosea? Kama kusoma kwangu ndiko kutakakomuua kaka?

Shemeji, mke wa kaka, alinifuata nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki.

"Shemeji, nitasema. Nitataja yeyote, hata ule mulevi wa kijiji ya Kabuta. Apone tu."

"Ulifanya?"

Akatema mate chini. "Na weye pia unaniwazia vile!"

Niliona wazi: uongo wake ungemfukuzisha kama malaya, ungemrudisha kaka kwenye wavu, na moyo ule usingemaliza kuvuta hata kamba moja. Mjomba angemzika kaka, kisha angesema mke alificha jina la pili.

Ugonjwa wenyewe sikuuelewa vizuri. Hata leo sijui kama nimeuelewa. Asubuhi niliazima baiskeli ya kubebea samaki, nikamkalisha kaka kwenye keria yenye harufu, shemeji akamshika mgongo, tukampita mjomba bila kumwamkia, tukaenda misheni.