Kovu la Toleo Refu

Mwaka ule nilikuwa nikimhudumia mjane mmoja wa mtaa wa Shard End, Birmingham, Mwingereza ambaye macho yalikuwa yamemwishia lakini ulimi ulikuwa bado na makali. Kampuni iliyoniajiri ilitutaka tuwaite wazee kwa majina yao. Mimi nilishindwa. Mtu aliyenizidi miaka arobaini nitamwitaje kwa jina, kama tuliruka kamba pamoja? Nikamwita Mama, naye akazoea.

Kila asubuhi nilimwosha, nikamvisha, nikampikia uji wao wa shayiri, kisha nikaandika kwenye faili la kijani yote tuliyofanya. Katika kazi hii kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa kuwa hakuweza kusoma tena, nilimsomea nilichoandika, na akiridhika ndipo nilipotia sahihi. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu si adabu kumwandika mtu mzima bila yeye kujua.

Nikiri jambo moja. Mama yangu mzazi alipougua nyumbani, sikumwosha hata siku moja. Kwetu mtoto haoni uchi wa mzazi. Aliyemwosha ni dada yake, mimi nikakaa jikoni nikisikiliza maji yakimwagika. Kisha nikaja Birmingham kulipwa kuosha mama za watu. Huyu wa Shard End nilimwosha polepole, na hasira kidogo juu yangu mwenyewe. Ndivyo nilivyolijua kovu lake. Aliunguzwa na maji moto utotoni, ubavuni juu ya nyonga, na ngozi ilikunjamana pale kama utando wa maziwa.

Ujanani alivuka kwenda Ulaya bara kucheza dansi, akaishia kwenye filamu. Moja ilihusu chombo cha angani kilichotua kwenye sayari ambako watu wamesahau kugusana, na wanawake wa huko, kwa sababu alizozijua mwongozaji peke yake, hawakuwa na nguo za kutosha. Aliponisimulia tulicheka sote wawili. Ilitoka kwa matoleo mawili: fupi, lenye heshima kiasi chake, na refu, lililoongezwa dakika kumi na moja za uchi kwa ajili ya sinema za watu wazima. Katika dakika hizo uso hauonekani, ni shingoni kushuka chini. Maisha yake yote Mama alikuwa akisema kwamba ule mwili si wake. Alidai mwenye filamu alikodi mwanamke mwingine, akaunga mwili wa huyo kwenye kichwa cha Mama bila ruhusa.

Binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekaa mtaa wa Kingstanding, aliteswa na filamu hiyo. Shuleni wavulana walikuwa wakipitishiana kanda yake ya video. Alihama nyumbani mapema, akakaa miaka mingi bila kumsemesha mama yake, na aliporudi, alirudi kwa sababu aliliamini neno hilo moja, kwamba si yeye. Sasa alikuja kila Jumamosi na keki. Upatanisho wao wote ulisimama hapo.

Ndipo watu fulani wanaofufua filamu za zamani walipomtumia Mama diski yenye matoleo yote mawili, wakimwomba aseme anachokumbuka. Nilidhani ataitupa. Badala yake aliniomba tuiweke asubuhi moja, baada ya kuoga, nimwambie picha imefika wapi. Nikakaa, Mkristo mzima, mkoba mapajani, nikitazama wanawake wakiinuka kutoka kwenye dimbwi la maji ya rangi ya fedha. Kamera ikapita ubavuni mwa mmoja wao. Kovu lilikuwa pale. Nilikuwa nimelipaka mafuta nusu saa iliyopita.

Akaniuliza wamefika wapi. Nikamwambia wako dimbwini.

Jumamosi iliyofuata binti aliiona diski mezani, akaichukua, akaenda kuitazama kwake. Siku mbili baadaye nilimkuta akinisubiri nje ya mlango wa Mama. Alisema yule mwanamke ana alama ubavuni, na yeye hajui kama mama yake anayo, maana hajawahi kumwona bila nguo.

"Wewe unamwosha," aliniambia. "Ni yeye?"

Ningeweza kujibu kwamba sheria ya kazi hainiruhusu. Ndivyo alivyonifokea baadaye rafiki yangu wa kanisani, ambaye naye ni carer, mhudumu wa wazee kama mimi: "Si ungemwambia tu ni confidential? Hata hakuna mtu angekublame. Sasa umejiingiza kwa maneno ya watu bure." Lakini pale mlangoni nilimwona mtoto aliyeachwa nje ya chumba cha mama yake, nikajiona mimi jikoni kwetu.

"Si yeye," nikasema. "Mama yako hana alama yoyote."

Alilia begani kwangu. Nami nikarudi kwangu Small Heath kwenye basi nikijisifu.

Kesho yake nilimweleza Mama nikimwosha, nikingojea shukrani. Mkono wake ulisimama ndani ya maji.

"Ile diski niliiacha mezani makusudi," alisema. "Hakuna aliyenilazimisha kucheza vile, na nilipenda. Aibu ilikuja na zile kanda, nikadanganya. Sasa nimechoka kuwa na mwili wa mtu mwingine. Nilitaka mtoto wangu aujue wangu kabla sijafa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jumamosi alitaka niwepo, akamweleza binti yake yote kwa sauti yake ya kawaida. Binti alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwambia taratibu kwamba ameanza kuchanganya mambo. Mama akashika pindo la blauzi aipandishe. Binti akamshika mikono upesi, akageuza uso kando, akamsihi asijivue, wakati mimi nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao.

Kisha wote wawili wakanigeukia. Kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile, na nilikuwa nimeidanganya familia ya mteja. Nilijua ukweli wa kusema, na kwamba ungenigharimu kazi. Nikasema Mama hakulala vizuri usiku.

Binti aliniomba niliandike hilo, ili daktari ajue. Nikaandika. Alipokwenda jikoni kukata keki, Mama aliniuliza nimeandika nini, kama alivyoniuliza siku zote. Nikamsomea: leo asubuhi amechanganyikiwa kidogo, anasimulia mambo ambayo hayakutokea.

Aliweka mkono ubavuni.

"Haya," alisema. "Tia sahihi."

Nikatia.