Mwiko wa Nundu

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila baba ana mbegu mikononi. Baba yangu alikuwa nazo juu ya vifundo vya vidole: vivimbe vidogo vya manjano, vigumu ukivigusa, kama punje za mahindi zilizopenya chini ya ngozi. Alikuwa na vingine nyuma ya visigino, na alama mbili za rangi hiyohiyo kwenye kope, karibu na pua. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo Jinja. Akirudi kutoka zamu akajilaza kwenye mkeka, mimi nilikaa pembeni nikimpapasa vidole hadi usingizi unamchukua.

Aliyeviita mbegu ni Bibi, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa Malukhu, huko Mbale. Kwa maelezo yake, mmoja wa mababu zetu alichinja ng'ombe wakati wa njaa, akajifungia ndani akala nundu peke yake huku majirani wakisikia harufu. Tangu hapo mafuta ya ng'ombe yakawa na kisasi na ukoo wetu. Anayeota mbegu asiguse nundu wala samli. Akila, mbegu zitageuka zikue kwenda ndani, na siku zikifika moyoni, basi. Babu yangu alikuwa nazo, akaanguka shambani hata mvi hajaota. Mdogo wake vilevile.

Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano, na alijua shehe hapendi hadithi za namna hiyo. "Shehe hajazika mume," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baba alikuwa akicheka. Mama hakucheka, ila hakubisha pia.

Mwaka wa vita nilikuwa na miaka kumi. Kiwanda kilifungwa, askari waliokuwa wakikimbia walivunja milango ya mtaa wetu kutafuta chochote cha kubeba, na Baba akatupakia mimi na Mama kwenye lori la watu waliokuwa wakielekea mashariki. Tukafikia kwa Bibi, sote watatu. Sukari hakuna, chumvi hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya kupikia tulikuwa tumeyasahau. Tulikula ndizi za kuchemsha na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayoshushwa kutoka mlimani, tena bila karanga.

Wanajeshi wa Tanzania walipofika Mbale tulijificha, maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Ukikisikia, unainua mikono. Mmoja wao alisimama mlangoni kuomba maji. Alipomwona Bibi akavua kofia akasema, "Shikamoo, mama." Bibi aliitazama bunduki yake, akaitika, "Marahaba." Askari alipokwisha kunywa na kuondoka, Bibi aliketi pale pale kizingitini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amewahi kuamkiwa na mtu mwenye bunduki.

Ndivyo amani ilivyoingia nyumbani kwetu. Idd kubwa ya mwaka huo, watu wa Malukhu na mtaa jirani wa Namakwekwe walichanga wakapata fahali mmoja. Harufu ya nyama ilipopanda, watu wazima walitazamana kwa haya kama watoto. Bibi aliniita kando.

"Kaa karibu na baba yako," alisema. "Akinyoosha mkono kwenye nundu, njoo uniambie. Umesikia?"

Nilisikia, na nilijiona mkubwa. Nikaenda nikakaa ubavuni mwa Baba. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa saa ulimzunguka mkononi kama bangili. Nundu ilikuwa inachomwa hatua chache kutoka tulipokaa, mafuta yakidondoka na kuwasha moto upya. Baba aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mwaka mzima nimekula majani. Niletee kidogo."

Niligeuka kumtafuta Bibi. Alikuwa ameinamia sufuria pamoja na wanawake wengine. Nikaenda, nikamletea Baba vipande vitatu kwenye jani la mgomba. Alivila akiwa amefumba macho, polepole, bila kuacha hata kimoja, kisha akanishika kichwa kwa mkono wenye mafuta. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, Baba alikufa. Alikuwa amerudi Jinja, ambako walikuwa wameanza kufufua mashine. Wenzake walisema alishika kifua, akakaa juu ya robota la pamba, akaomba maji. Aliyekwenda kuyaleta alirudi akakuta wameshamlaza chini. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Kwenye msiba hakuna aliyetaja nundu. Bibi hakuitaja siku ile, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Ukimya wake uliniadhibu kuliko fimbo. Nilikua nikijua kwamba nilitumwa kulinda mlango, nikaufungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipotimiza miaka ishirini na mitano nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Jinja. Siku moja viatu vilianza kunibana nyuma. Nilipapasa kisigino: mshipa ulikuwa umenenepa, mgumu, una vinundu. Sikuhitaji kuelezwa. Nilivaa ndala miezi kadhaa, nikamkwepa Bibi kila likizo, nikangoja kufa. Ni hedimasta aliyenilazimisha kwenda kwa daktari, akidhani ninachechemea.

Daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa Jinja. Alikuwa kijana familia yake ilipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, na sasa amerudi na mvi. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale alipokiacha. Alinigusa kisigino, akanivuta kope, akauliza, "Baba yako alikufa na miaka ngapi?"

"Thelathini na minane."

"Na baba yake?"

"Hakufika hamsini."

Akatikisa kichwa. "Hii si uchawi, mwalimu. Hii kolesteroli. Mafuta kwa damu. Ini yako imezaliwa hivyo, haiwezi kutoa ile mafuta. Baba alikupa, na yeye alipewa."

Damu yangu ikapelekwa Kampala. Majibu yaliporudi, kiwango kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Daktari alianza kuniandikia dawa, nami nikamkatiza.

"Daktari, mtu anaweza kuuawa na vipande vitatu vya nundu?"

Aliweka kalamu chini. "Nani alimpa?"

"Mimi."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi."

"Sikia, mwalimu. Hii mafuta ilianza kushika mishipa yake tangu yeye mtoto. Angekula nundu, angekula majani tu, moyo ilikuwa inakwenda kusimama. Wakati ule dawa haikuwa. Leo iko."

Nililia pale, nikamloweshea kitambaa chake cha meza. Kisha nikapangusa uso nikamwambia anieleze kila kitu tangu mwanzo, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Dawa ilikuwa inatoka Nairobi, kidonge kimoja kila jioni. Chakula peke yake kisingetosha, alisema, lakini kitasaidia. Nikaacha samli, ngozi ya kuku na nyama ya mafuta. Nilikula ngege wa ziwani waliofungwa kwenye majani ya mgomba wakaiva kwa mvuke, maharage, mchicha tunaouita dodo, na yale malewa ya enzi za vita, safari hii nikiyapenda. Nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani Walukuba hadi shuleni, kwenda na kurudi. Walionipita kwa baiskeli walinihurumia. Mimi nilikuwa nikiimba moyoni. Kipimo cha tatu kiwango kilikuwa kimeshuka sana. Kwa mara ya kwanza maishani nikaanza kupanga mambo ya uzeeni.

Tatizo likawa macho ya watu. Nilipungua mwili, na miaka ile msichana aliyekonda, tena anayemeza vidonge kila siku, alikuwa na jina moja tu mdomoni mwa watu: silimu, ule ugonjwa wa kukondesha. Mimi na mchumba wangu Musa tulikuwa tumeshapima ukimwi, wote tuko salama, lakini utaizungusha karatasi mtaa mzima? Shangazi yake Musa, senga kama tunavyosema huku, alikuja kunitazama kabla ya posa. Aliona nimetoa mafuta yote kwenye nyama yangu. Aliona kidonge. Akanawa, akashukuru kwa chakula, akaenda kumwambia Musa, "Huyo muache."

Mama aliposikia alipeleka habari Mbale. Baada ya wiki, Bibi alishuka kwenye basi Jinja, na fimbo yake na kuku wawili, akataka senga aitwe.

Senga alikuja, akaketi mkekani amekunja uso. Bibi hakupoteza muda. Aliniambia nivue soksi, akakishika kisigino changu mbele ya mgeni.

"Unaona? Mbegu. Mume wangu alikuwa nazo, mwanangu alikuwa nazo. Kwetu mwenye mbegu hali nundu, hali samli. Ni mwiko. Kwenu hakuna miiko?"

"Iko," senga alisema. Uso wake ulianza kulegea. "Na vidonge?"

"Ni dawa ya mwiko," Bibi alijibu bila kupepesa macho.

Senga aliitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Kile ambacho hospitali nzima isingeweza kumshawishi, Bibi alikimaliza kwa maneno machache. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Lakini niliona nikianza ndoa yangu kwa kuficha nusu ya jambo, nitaificha maisha yote.

"Senga," nilisema, "kuna zaidi. Ni ugonjwa wa damu tunaozaliwa nao. Naweza kumrithisha mtoto. Ukitibiwa mapema mtu anaishi, na mimi natibiwa. Ila lazima mjue."

Bibi alinitazama kama mtu aliyemwagiwa uji. Senga akavuta kanga yake, akasema, "Kwetu kuna kisukari. Baba yake Musa, na mimi pia. Hatukukuambia." Kisha akacheka kidogo. "Basi watoto watapimwa vyote."

Alipoondoka tulibaki wawili, tukichambua maharage. Nikaona kama sitasema leo sitasema tena.

"Bibi, ile nundu ya Idd. Ni mimi niliyempa Baba."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeishi vipi?" Aliendelea kuchambua. Baadaye vidole vyake vikasimama. "Na mimi nilimpikia babu yako samli miaka tisa. Nilikuwa bibi arusi, nilitaka anisifu. Habari ya mbegu niliambiwa nimeshachelewa. Unafikiri mimi nililala?"

Nikamweleza yote aliyoniambia daktari: ini, mishipa, kwamba ilianza wakiwa watoto, kwamba wakati ule dawa haikuwapo kwa mtu yeyote. Nilirudia mara mbili. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilidhani hakubaliani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hata bila samli?"

"Hata bila samli, Bibi."

Alifunika uso kwa ncha ya kanga akakaa hivyo muda mrefu sana. Nami nikaendelea kuchambua maharage.

Sasa nimempita Baba umri kwa miaka mingi, na kisigino changu kimelainika. Mimi na Musa tulizaa wawili; daktari alinisimamishia dawa wakati wa mimba na kunyonyesha, kisha nikairudia. Mwanangu wa kiume hana ugonjwa huu. Binti yangu anao, na amelijua hilo tangu shule ya msingi, kama anavyojua kabila lake.

Watu hunitaka niseme kama Bibi alikuwa sahihi. Bila maabara, bila kusoma, aliona kwamba jambo hili linakwenda na damu, kwamba vile vivimbe ni alama, na kwamba mafuta yanahusika. Wengi waliosoma hawakuona hayo. Alikosea mahali pamoja tu: alitafuta mkosaji, na alipomkosa mwingine akajichukua mwenyewe. Mimi nikafuata njia hiyohiyo, mtoto wa miaka kumi. Binti yangu akiniuliza habari za babu yake, namwambia alikuwa fundi hodari, mcheshi, aliyependa kula. Sitaji kosa la mtu, kwa sababu halikuwapo.