Godoro Hafi Ikwiriri

Mwalimu Aika alihamia Ikwiriri katika miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya wanunuzi wa ufuta yakawa yanaingia bila kuulizwa kibali, maduka ya barabarani yakajaa redio za kaseti, na Swalehe mwenye mashine ya kukoboa mpunga akajenga banda la video ubavuni mwa mashine yake. Aika alikuwa binti wa Machame, mrefu, mpole wa sauti, amepangiwa kufundisha Kiingereza sekondari. Alikuja na begi la nguo, jiko la mafuta ya taa na kitabu kimoja cha hadithi ambacho jalada lake alikuwa amelishona kwa uzi mweusi.

Kitabu hicho aliachiwa na mmisionari akiwa bado msichana wa shule. Kilisimulia safari ya chombo cha angani kilichobeba familia za watu kwenda kutafuta maji kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, na jinsi chombo kilivyoingiliwa na kiumbe asiye na uso. Chini ya jina la kitabu paliandikwa kwamba hadithi imetokana na mchezo wa televisheni. Aika hakuyajali maneno hayo. Huko kwao hapakuwa na televisheni, na yeye hakuwahi kuiona hata moja ikiwaka. Chombo alikijenga mwenyewe kichwani, kiumbe akamtia giza na harufu ya chuma kibichi kama kitabu kilivyosema, na kwa muda mrefu akawa anaogopa kwenda msalani peke yake. Aliyempenda zaidi ni Nora, mwalimu aliyewafundisha watoto wa safari ndani ya ghala la chombo, wakiandika kwa vidole juu ya vumbi.

Alipanga chumba kwa Bi Siti, mjane aliyekuwa na shamba la mpunga upande wa Chumbi. Uani kwake na banda la video vilitenganishwa na ukuta wa mabanzi tu. Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, Aika alikuwa akimsaidia kupepeta mchele, sauti ya mwanamume ikapenya kwenye mabanzi: kapteni anasema maji yapo chini ya barafu, lakini yule mwanamke Nora anakataa.

Aika akauweka ungo chini. Akamwuliza Bi Siti ni mkanda gani huo.

"Huo wa Godoro," Bi Siti akasema. "Nenda kautazame. Miye nimeshauona, na kesho nitautazama tena."

Ndani ya banda watu walikuwa wamekaa kwenye magogo na mikeka, wanaume mbele, wanawake kando ya mlango. Karibu na televisheni alisimama Mudy, aliyewahi kupakua meli bandarini Dar es Salaam na kurudi na Kiingereza cha kutosha. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Kila mtu kwenye kioo alipofunga mdomo, Mudy alifungua wake.

Aika hakukaa. Alimwona kapteni, mtu mfupi mwenye kicheko kinachomfanya kila mtu acheke, ilhali kwenye kitabu hakucheka hata mara moja. Alimwona Nora akisimama mlangoni, mikono kifuani, akisema hapana, kisha akatoweka. Hapakuwa na ghala, hapakuwa na watoto, hapakuwa na vumbi. Halafu banda zima likaanza kupiga makofi, maana kiumbe alikuwa anaingia. Kumbe alikuwa kitu kipana cha kitambaa chenye mistari, kimejazwa sufi au pamba, kinatembea kwa miguu ya mtu iliyojificha vibaya, kikivumisha wimbo puani. Watoto wakaita kwa furaha, Godoro, Godoro.

Aliyemwogopa ujana wake wote alikuwa godoro. Aika alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akajihisi ameibiwa.

Mkanda ulipokatishwa kwa siku ile, maana hadithi ilikuwa ndefu na ilionyeshwa kwa vipande, akamfuata Mudy kumwuliza masomo ya Nora yako wapi, na kwa nini hakutafsiri habari za kaka yake Nora aliyekufa kwa kuamini neno la kapteni mwingine, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini anakataa. Mudy akajibu kwa adabu kwamba yeye hutafsiri kinachosemwa, na huyo kaka hajawahi kutajwa. Watu wakaanza kusogea. Aika, ambaye darasani alikuwa na subira ya ajabu, siku ile subira ilimtupa mkono. Akawaambia anacho kitabu chenyewe, na kwamba mkanda huu umeharibu mambo mengi. Kisha akaongeza jambo ambalo ingemfaa kulimeza: kwenye kitabu, mwisho wa hadithi, kiumbe anauawa.

Pakawa vurugu. Swalehe akasema mkanda anao, mwisho wake anaujua, Godoro anabaki na watu wale kwenye mwezi na kuwaonyesha maji. Mzee mmoja akasema aliyeandika kitabu hicho bila shaka hakutazama mpaka mwisho. Lakini aliyeumia ni Bi Siti. Kwa siku kadhaa alimwekea mpangaji wake chakula bila kumwambia neno zaidi ya karibu.

Jioni moja Aika akakifungua kitabu upya, akiwa na nia ya kupata ushahidi. Safari hii alisoma dibaji, kurasa ambazo msichana yule wa shule aliziruka kila mara. Mwandishi alieleza kwamba aliandika kutokana na maneno ya mchezo kabla haujapigwa picha. Alikuwa na nafasi ya kuingia vichwani mwa watu, kwa hiyo alimpa Nora darasa na kaka, maana kwenye karatasi za mchezo Nora alikuwa na mistari michache tu. Na kwa kuwa hiyo ilikuwa chapa ya pili, aliongeza kwamba walipokuwa bado wakipiga picha, watazamaji walioona sehemu za mwanzo walimpenda kiumbe sana, watengenezaji wakabadilisha mwisho. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapwa. Yeye mwenyewe, aliandika, hakujua tena mwisho upi ni wake.

Aika akatoka uani na kumsomea Bi Siti dibaji yote, akiitafsiri polepole. Bi Siti alikuwa akisuka ukili. Aliposikia habari za watazamaji, mikono ikasimama.

"Kwa hiyo huko nako watu walikataa Godoro auawe," akasema. "Basi siye hatuna kosa."

"Hamna kosa, Bi Siti. Hata mimi sina."

"Weye kosa lako ni kusema mbele za watu. Sasa nisomee habari za huyo Nora. Kwenye mkanda namwona mkorofi tu."

Wakaanza hapohapo. Bi Siti aliposikia habari za kaka mtu, akatikisa kichwa na kusema angalikuwa yeye, asingalimwitikia kapteni yule hata salamu. Zikapita Jumamosi mbili, habari zikaenea kwa majirani, na wanawake wakawa wanakuja uani na kazi zao mikononi kumsikiliza mwalimu kabla ya kuingia bandani.

Halafu deki ya video ya Swalehe ikatafuna mkanda wa mwisho wa hadithi ile. Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa mavuno, banda limejaa watu waliokuja kutoka mashambani mahsusi kuona mwisho. Swalehe alivuta utepe uliokunjamana kama matumbo ya kuku, akautazama, akakaa chini. Mtu akasema mwalimu asome. Sauti zikaongezeka.

Aika akakileta kitabu, akasimama alipozoea kusimama Mudy. Alijua wanataka nini. Angeweza kuruka ukurasa na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona kwamba hadithi iliyomlea haistahili kugeuzwa kinywani mwake, akasoma kama ilivyoandikwa. Akasoma jinsi kiumbe alivyofuata sauti za watoto wa Nora wakiimba majedwali ya kuzidisha, jinsi kapteni alivyofikiri anakuja kuua, na jinsi Nora alivyochelewa kufika. Jenereta lilikuwa limezimwa. Alipomaliza, Bi Siti alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na wanaume wa mbele wanatazama chini.

Mudy akainuka. Aika akasogea kumpisha, akidhani anakwenda kumpinga.

"Huo ndio mwisho wa kitabu," Mudy akawaambia watu, "na nimeupenda. Sasa sikilizeni wa mkanda."

Akausimulia bila televisheni, na sauti zote akiziigiza mwenyewe: kicheko cha kapteni, upepo wa barafu, na mwisho ule wimbo wa puani. Godoro alipolala juu ya barafu na kuiyeyusha kwa joto la mwili wake, watu wakaimba naye. Aika aliimba pia.

Tangu hapo ikawa desturi bandani kwamba mkanda ukiwa na kitabu, kitabu chake husomwa kwanza, na Aika akawa akienda Dar es Salaam wakati wa likizo kutafuta vitabu vya namna hiyo kwa wauza vitabu vya barabarani. Alipoletewa nafasi ya kuhamia karibu na kwao, aliomba abaki. Baadaye alichumbiwa na Felix, mganga wa hospitali ya Mchukwi, na harusi ikafanyika Machame.

Bi Siti alisafiri mpaka huko. Siku ya pili, shangazi zake Aika wakiwa wamemzunguka jikoni, akaanza kuwasimulia habari za Zohali. Ndani yake mlikuwa na darasa la Nora na kaka yake, na Godoro alikuwa mzima, tena safari hii ni Nora mwenyewe aliyempokea mlangoni na kumpa mahali pa kukaa. Shangazi mmoja akamgeukia bibi harusi na kumwuliza kama ndivyo kitabu kinavyosema.

"Hapana," Aika akasema. "Wala mkanda hausemi hivyo. Mwache aendelee."

Bi Siti akaomba blanketi jingine, kwa kuwa baridi ya mlimani ilikuwa inamsumbua magoti, kisha akaendelea.