Hodi ya Kutoka

Watu wote hupiga hodi wakitaka kuingia. Bi Hodi hupiga akitaka kutoka. Atakuletea gauni alilokushonea, atakunywa chai yako, atakuchekesha mpaka mbavu huna, kisha atasimama nyuma ya mlango wako, agonge mbao kidogo na kusema, "Hodi." Asipojibiwa haondoki. Mgeni asiyemjua hubaki ameduwaa, hajui kama ameagwa au amevamiwa.

Cheka, lakini usicheke sana. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, mwanamke wa shoka aliyefua nguo za watu mtaa wa pili. Shangazi hakuwa na wa kumwachia mtoto. Basi asubuhi alimfungia stoo, kati ya ndoo na magunia ya mkaa, akatia kufuli, akaenda zake hadi jioni. Mtoto alikuwa ameshaona kwamba mtu akisema hodi, mlango hufunguliwa. Naye akasema hodi. Akaisema mpaka sauti ikamkauka. Majirani waliopita waliangua kicheko, eti katoto kanapiga hodi kutoka ndani, na jina likamganda hapo hapo.

Sasa mtoto wa namna hiyo akikua huwaje? Shuleni alikalia dawati la mlangoni, mvua ikimlowesha madaftari, na mwalimu akifunga mlango alisahau hata mbili na mbili ni ngapi. Alipokuwa msichana alioga mlango wazi huku akiimba ili watu wajue kuna mtu, na kwa sauti ile, nakuambia, hakuna aliyethubutu kusogea. Alipojua kushona, cherehani aliiweka barazani, jua lake, mvua yake. Mchumba wa kwanza alifunga komeo la sebule ili wazungumze kwa utulivu; bibie akapitia dirishani, kiatu kimoja akamwachia. Wa pili hata kiatu hakuambulia. Baada ya hapo akawa anasema ndoa haimsumbui, na alikuwa anadanganya. Iliuma sana.

Ndipo akampata seremala, mjane mwenye kitambi na mwendo wa pole, aliyemtengenezea meza ya cherehani. Siku hiyo Bi Hodi alipotaka kutoka karakana akasema hodi yake kama kawaida. Seremala hakucheka wala hakuuliza. Aliweka randa chini, akatokea mlango wa nyuma, akaizunguka karakana nzima, akaja kusimama barabarani mbele ya mlango na kujibu, "Karibu nje, mama." Bi Hodi akacheka, akalia, akacheka tena. Posa aliikubali kabla haijaletwa. Sharti lake lilikuwa moja tu: mlango wa chumbani usiwe na kitasa wala komeo. Akifungiwa hata mara moja, anaondoka.

Shangazi, ambaye sasa amekula chumvi nyingi na mdomo haujapungua, alisikia sharti hilo akashika kiuno. Mlango usiofungwa, alisema, una tofauti gani na pazia? Siku ya harusi alimtafuta fundi wa pembeni, wakajipenyeza nyumbani kwa seremala wakati kila mtu yuko mbioni na viti, wakatia kitasa kipya mlango wa chumbani. Hiyo ndiyo zawadi yake ya harusi. Bibi harusi alipoingia humo kuvaa, shangazi akamfuata kwa furaha tele.

"Mwanangu, nimekusitiri. Tazama kinavyofunga."

Akazungusha ufunguo, na kweli kikafunga. Akazungusha kurudi, ufunguo ukakatika. Kipande kikabaki ndani ya kitasa, kichwa kikabaki mkononi mwake.

Huko nje habari ikaenea kwa wageni kasi kuliko soda. Waliomjua Bi Hodi walitazamana: hapa harusi hakuna tena. Bwana harusi alivua koti, akakimbilia bisibisi na patasi, kitambi mbele, jasho likimtiririka. Alijua akichelewa amemkosa.

Ndani, Bi Hodi alitazama dirisha. Lina nondo. Akafungua kinywa apige kelele. Lakini shangazi alimtangulia.

"Jamani, hewa imeisha. Nakufa mimi." Akauparamia mlango, akaugonga kwa viganja vyote viwili. "Hodi. Hodi jamani, hodi."

Bi Hodi akamkodolea macho. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamwangusha kitandani, shela ikamwishia shingoni. Alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi aligeuka, akatambua alichokuwa akisema, naye akaanza kucheka, mwili mzima ukitikisika, mpaka ghafla akaacha. Akakaa kitandani taratibu.

"Na wewe ulikuwa ukikaa hivi kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, shangazi."

Bibi kizee aligeuzageuza kichwa cha ufunguo mkononi.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Nikishatia kufuli, nilikuwa nakusikia ukisema hodi. Nikawa naongeza mwendo, nisikusikie." Machozi yakamshuka. "Nilikutendea vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Maneno hayo Bi Hodi hakuwahi kuyasikia tangu azaliwe. Alimshika shangazi mkono, akataka kujibu, na hapo hapo kitasa kikang'oka, mlango ukafunguka wazi. Bwana harusi alisimama pale, shati limejaa vumbi la mbao, nyuma yake ukoo mzima umenyoosha shingo. Alimtazama mchumba wake kama mtu anayengoja hukumu.

"Mama, njia hiyo hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Ukitaka kuondoka, nitawasogeza watu."

Bi Hodi akasimama, akaja mpaka mlangoni, akamfuta vumbi shavuni.

"Siendi popote, baba. Ila nipe nafasi kidogo, nina maongezi na shangazi."

Akaurudisha mlango kwa mkono wake mwenyewe, mpaka ukafungika. Bwana harusi akawaambia wageni waanze kula.