Kasha la Dainamaiti Ndani ya Basi

Jumamosi iliyopita basi la kutoka Molo lilijaa mpaka mlangoni. Pale Elburgon akapanda mama mmoja mwenye kasha la mbao kichwani. Hakuna aliyempisha. Akalitua katikati yetu, akashika kiuno, akangoja.

Ubavuni mwa kasha palikuwa na neno moja kwa wino mwekundu. Mwalimu mmoja mwenye tai akainama, akalisoma kwa sauti: "Dainamaiti!"

"Ndiyo nini hiyo, mwalimu?" akauliza mzee aliyeketi kando yake.

Mwalimu akanyoosha tai. "Asili yake ni Kiyunani, mzee. Maana yake nguvu."

"Nguvu ya kufanya nini?"

"Ya kupasua mlima. Ni ile baruti ya kwenye machimbo ya mawe."

Papo hapo mwalimu mwenyewe akaruka nje kupitia dirishani, tai ikimfuata nyuma. Sisi wengine tukasukumana mlangoni, na tulipofika mtaroni tukamkuta dereva ameshalala kifudifudi.

Mama akaketi taratibu kwenye kiti cha mbele, akafungua kasha, akatuonyesha kiazi.

"Rudini, ni viazi! Mume wangu hupasua mawe, kasha likiisha baruti ananiletea mimi."

Tulirudi tukicheka hadi machozi. Nikamuuliza mbona hakusema mapema.

"Kila Jumamosi nasema 'nipisheni', hakuna anayesikia," akajibu. "Siku hizi nanyamaza tu, nangoja msomi."

Jumatatu nina foleni ndefu ya kupanga hapa Nakuru. Msomaji mwenye kasha tupu la namna ile, tafadhali aniazime.