Bustani ya Kenchi Niliyoilalamikia

Jirani yangu wa Kaloleni, fundi mstaafu wa reli, amefariki, na mtaa mzima umemlilia. Nami nililia, ingawa nikiri mapema kwamba sehemu ya machozi yangu ilikuwa ya wivu. Nyinyi wasomaji wa safu hii mnajua nilivyohubiri humu miaka nenda miaka rudi kuhusu mitaa yenye kijani kibichi. Niliandika weee, asipande mtu hata mche mmoja. Yeye hakuandika neno. Jengo la mabafu ya pamoja lilipobomolewa, sisi tuliona kifusi. Yeye alibeba kenchi za chuma zilizoshikilia paa, milango, madirisha ya chuma na sinki za zege, akavipeleka kwenye uwanja uliokuwa jaa la taka. Kenchi akazisimamisha, pasheni zikatambaa juu yake. Sinki zikajaa dhania na mboga za managu, madirisha yakawa kibanda cha kukuzia miche, na milango akaigeuza mabenchi ambapo kina mama walisukana nywele kivulini. Wageni walipokuja mtaani walipelekwa kwake. Hakuna aliyeletwa kwangu.

Iliniuma. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulitaja: niliiandikia kamati ya mtaa barua isiyo na jina, nikaiita bustani ile 'kadhia', nikadai vyuma vile vitawaangukia watoto na viondolewe. Kamati ikaitisha mkutano ukumbini. Siku mbili kabla, jirani akabisha hodi kwangu. "Mwandishi," akasema, "wanataka kunibomolea. Niandikie utetezi, mimi maneno hayanipendi." Kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuja kuniomba mimi msaada! Nikamwandikia, pamoja na kijicho changu chote, barua ndefu yenye maneno ya kumtoa mwenyekiti jasho. Mkutanoni alisoma mistari miwili, akaikunja barua. "Nani anasema kenchi zitaanguka? Akuje tuzitingishe pamoja." Wakatoka, wakasukuma, wengine wakaning'inia. Hazikutikisika, maana fundi wa reli hafungi nati kwa mzaha. Watu wakashangilia, nami nikapiga makofi kwa mikono mizito.

Juzi, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kwao magharibi, mjane wake aliniita kando. Yeye pia anahamia huko moja kwa moja. "Shemeji, hiyo bustani tunakuachia wewe," akasema. Nikamwambia sistahili. Akacheka kidogo, macho mekundu kwa kulia. "Si ni wewe uliandika ile barua ya kwanza? Alijua siku hiyo hiyo kamati ilipomsomea. Nani mwingine hapa Kaloleni anaandika 'kadhia'? Lakini alisema tukupatie wewe, maana hakuna mtu alikuwa anapita pale kila siku akiangalia kama wewe."

Alijua, na bado alikuja kubisha hodi kwangu. Hata kwa moyo alinishinda, na moyo huo nauonea wivu kuliko pasheni zake zote. Leo asubuhi niliimwagilia bustani kwa mara ya kwanza. Mama mmoja akachuma managu, akayageuzageuza, akaniambia, "Mboga za marehemu zilikuwa nono." Nikaumia vilevile, nikaenda kuteka maji mengine. Kumbe wivu unaweza kubeba ndoo, nami niliutuma kuandika barua. Msomaji wangu, ukimwonea jirani yako wivu, nenda ukaazime jembe kwake angali hai, ukamwombe akuonyeshe pa kulimia.