Tembe Zangu za Misuli

Nichekeni polepole, kwa sababu bado nauguza aibu.

Mimi hunyanyua vyuma Kariobangi, kwenye jimu yetu ya mikebe iliyojazwa simiti. Mwenzetu mmoja aliniuzia tembe zilizofungwa kwenye karatasi, akaninong'oneza, "Oksandroloni hiyo. Steroidi ya kumeza."

Nikaisoma kwenye simu mpaka nikajiona profesa. Nilimhubiria kila mtu kwamba dawa hii ilikusudiwa wagonjwa waliokonda, kwamba imeundwa ili ini lisiivunje upesi, na kwamba ndiyo maana ini lenyewe linaweza kuumia.

Basi nikawa nazimeza kila siku, nikaanza kula chapati sita kwa mpigo na kusinzia katikati ya mazoezi. "Misuli hujengeka ukilala!" nilijigamba. Lakini hofu ya ini ikanipeleka kwa kemisti kule Mowlem, nimevaa vesti ya kubana ili foleni yote inione.

"Daktari," nikamuuliza dada muuza dawa kwa sauti nzito, "hizi steroidi hazijaniharibu ini?"

Akaigeuza tembe, akasoma alama yake, akauma mdomo asicheke.

"Bosi, hii si steroidi. Ni ya kuongeza hamu ya kula, na huleta usingizi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni akachungulia.

"Si ndiyo ulimpa huyu wangu alipokataa uji?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mama akalitazama tumbo langu, kisha akanipapasa bega taratibu.

"Pole, baba. Na siku hizi unamaliza uji?"